Kikombe cha Mzee Ouma

Alhamisi, Kawangware

Nadhani Mama Akinyi bado amenikasirikia. Asubuhi alikuja na akina mama wengine wa ploti, kila mmoja na ndoo yake, waoshe chumba cha Mzee Ouma, mpangaji wangu aliyefariki peke yake tukamkuta baada ya siku kadhaa. Hapa kwetu jirani akifa, majirani ndio huosha. Lakini nilisimama mlangoni nikakataa.

"Kwani mzee amekuwa uchafu, Mama Njeri?" Mama Akinyi akaniuliza.

Mzee alikuwa akikohoa damu. Ilikuwa imelowesha godoro mpaka sakafuni, na wao hawakuwa hata na glavu. Naogopa kuzika mwingine.

Fundi wa usafi wa kwanza niliyemwita alikuja na pata-pata miguuni, vidole wazi, akaniomba lile godoro akaliuze. Nikamwambia aende tu. Wa pili, Beatrice, aliuliza kwanza mzee alikuwa na ugonjwa gani, kisha akanieleza takataka zitapelekwa wapi kuchomwa. Huyo nikamwamini. Watu wake walifanya kazi wamejifunika mwili mzima.

Jioni Beatrice akatoka na kikombe cha bati cha mzee, kimeoshwa kwa dawa ya kuua viini. Akasema ndugu za mzee kule ushago, kijijini kwao, watataka kitu cha kubaki nacho.

Mama Akinyi akakipokea. Akaketi pale nje, akakiosha tena na sabuni yake, polepole.

Nilijua kilikuwa safi. Nikamletea maji ya kusuuza.