Siku Ulipomhoji Baba

Kaka Danieli,

Sijui kama unakumbuka jikoni kwetu Endabash, tukipukuchua mahindi huku Baba akitufundisha maneno kana kwamba bado yuko darasani. Wewe ndiye uliyeuliza maana ya kuhoji. Ulikuwa umelisikia redioni. Akakuambia limetokana na hoja, na hoja tumeipata kwa Waarabu, kwao ni sababu yenye uthibitisho. "Anayehoji anatafuta sababu," alisema. "Asiyetaka kuisikia hahoji, anatesa." Ulilirudia neno hilo wiki nzima mpaka ukanichosha.

Ukakua, ukaajiriwa, ukavaa sare ya askari wa hifadhi. Tukachinja kondoo.

Baba alikosa nini? Alikwenda Nainokanoka kumtembelea Lemayani, mwanafunzi wake wa zamani. Wafugaji wa pale walikuwa wamezuiwa kupeleka ng'ombe kulamba chumvi ndani ya hifadhi yenu, wakamwomba awaandikie barua ya kuwauliza wakubwa wako kwa nini. Akaandika. Wiki iliyofuata akaitwa ofisini kwenu, Karatu.

Ulijua kwamba mimi ndiye niliyemleta? Nilikaa kwenye benchi, nje ya zile mbao mnazoziita ukuta. Nilisikia kila kitu.

"Jina lako?"

Ulimuuliza baba yako jina lake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Soma barua, mwanangu, hoja zote zimo."

"Hapa hakuna mwanangu. Jibu swali, mzee."

Swali lile lile, tangu asubuhi mpaka saa nane, naye amesimama, na nyonga yake unaijua. Mara mbili aliomba kwenda msalani. Mara mbili ukasema akijibu ataenda. Alipotoka, suruali ilikuwa imelowa. Nilimfunga kitenge changu kiunoni, tukapita mbele ya wenzako. Mmoja alicheka. Wewe uliinamia faili.

Tangu siku hiyo hakai tena mbele kanisani. Watu wakimletea karatasi awaandikie, anasema macho yamekwisha. Macho yake ni mazima. Nimemwona akitunga uzi kwenye sindano.

Ujumbe wako nimeusoma. Eti ulikuwa kazini tu, na kama si wewe angepewa mtu mkali zaidi. Mkali zaidi angemfanya nini, Kaka? Mgeni angeonea haya hata zile mvi. Wewe uliogopa wenzako wasije wakasema unampendelea, ukaamua bora yeye adhalilike kuliko wewe usemwe. Sikusamehe, na usimtume mchungaji.

Jumapili Baba aliniambia nikuandikie uje Krismasi, maana wewe ni mtoto wake na chumba chako kipo. Alisimama mlangoni mpaka nikashika kalamu. Nimemwambia nimeshaandika.

Usije.

Dada yako, kwa kuzaliwa tu