Ubeti wa Paka Mwizi

Alhamisi, Mugango

Kwa dagaa tu! Jirani, mtu mzima, anamtegea paka wetu sumu kwa sababu ya dagaa alioanika! Nimemzika nyuma ya choo ili Mama asijue.

Tangu ugonjwa wa ini umlaze kitandani, kila jioni namtungia Mama ubeti wa huyo paka: anavyoiba, anavyofukuzwa mwaloni wanakoshusha samaki, anavyorudi kulala miguuni kwa Mama kama mtakatifu. Anachekaga mpaka anashika ubavu.

Ubeti wa leo, paka kambeba sato mzima wa jirani yule yule. Nimeusoma kwa mbwembwe zote.

Mama hakucheka. "Amekufa, eeh? Tangu jana miguu yangu ina baridi."

Nikafunga daftari.

"Mimi usinifanyie hivyo, mwanangu. Nikifa, andika nimekufa."