Sahihi Yangu Iko kwa Nesi na kwa Kaka

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unishike mkono maana peke yangu nimeshindwa, na naomba unijibu Alhamisi hii hii kwa sababu Jumatatu natakiwa nisimame mbele ya ofisa wa tume ya uchaguzi na mpaka sasa sijui nitasema nini.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na mashine moja ya kukaushia nywele, na nina tabia ambayo mume wangu huniambia kila siku kwamba itanitokea puani, nayo ni kwamba sijui kukataa mchango. Ikija kadi ya harusi natoa, ukija msiba natoa, wanafunzi wakipita na karatasi ya safari naandika jina na kutoa, halafu naendelea kusuka. Sasa mwaka huu, kama unavyojua, serikali imesema itawagharamia wagombea kampeni zao, lakini mgombea hapewi hivi hivi, lazima kwanza apate wakazi mia tatu wa kata yake, kila mmoja amchangie kidogo kutoka mfukoni na kutia sahihi kwenye daftari lake, na mkazi mmoja anamchangia mgombea mmoja tu. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Jumanne moja nilikuwa nampaka mteja dawa ya nywele, akaingia Nesi, mama mstaafu wa zahanati yetu aliyenizalisha watoto wangu wote wawili, akasema anagombea udiwani, akafungua daftari, nami nikavua glavu ya mkono mmoja nikasaini na kutoa hela ya kwenye droo, wala sikuuliza kitu, maana mtu aliyekuona ukilia vile chumba cha uzazi utamuuliza nini tena? Ijumaa kaka yangu naye akachukua fomu ya udiwani huo huo, Jumamosi akaja saluni. Kaka yangu ni fundi umeme, baba alipofariki ndiye aliyenilipia chuo cha ususi, na waya zote za saluni amevuta yeye bila kunidai hata senti. Akafungua daftari lake akanisomea kwa sauti, "Natamka kwamba sijamchangia mgombea mwingine," na hapa mshauri nitasema ukweli kwa sababu hunijui sura: nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa, nikasaini.

Sasa tume imeniandikia kwamba jina langu limeonekana mara mbili, nimekuambatanishia nakala ya barua yao, mbele na nyuma. Wanasema sahihi ya kwanza ndiyo inayohesabika na ya pili inafutwa, isipokuwa kama ya kwanza si yangu. Nesi ana sahihi karibu mia tano, hata yangu ikitoka haumii. Kaka yangu ana mia tatu kamili, kwa sababu alipofikisha mia tatu alifunga daftari akasema kazi imekwisha, akaenda kuangalia mpira. Ikifutwa yangu anabaki na mia mbili tisini na tisa na hapati kitu.

Basi akaja nyumbani akaniambia, "Mdogo wangu, ni neno dogo tu. Sema hiyo ya Nesi si yako, wameighushi. Yaishe." Nikamwambia, "Kaka, si watamkamata?" Akasema, "Nani akamkamate bibi wa watu? Watafuta jina moja, basi." Lakini mteja wangu mmoja ni karani wa mahakama, akaniambia ukisema kughushi wanakagua daftari zima, na Nesi anaweza kuenguliwa na hata kushtakiwa. Nilipomrudishia kaka maneno hayo akasema kama sitaki, yeye atakwenda kwa yule tajiri wa malori ya mchanga ambaye alishamwahidi kumlipia kila kitu, mabango, spika na fulana, na mtaani sote tunajua tajiri huyo anautaka uwanja wa shule ajenge maghala. "Nikichukua hela yake," kaka akaniambia, "ujue ni wewe uliyenisukuma."

Mume wangu ni mwalimu wa shule hiyo hiyo, na yeye hajasaini daftari la mtu na ameapa hatasaini. Anasema, "Watoto darasani kwangu wanabanana watatu dawati moja, halafu kodi yangu ikamnunulie shemeji spika?" Nikaona ana haki. Kesho yake yule karani akiwa chini ya mashine akasema wagombea tusipowalipia sisi watalipiwa na watu wa malori, na wakishaingia watawasikiliza hao hao, nikaona naye ana haki. Kaka akiniambia damu ni nzito kuliko maji naona ana haki, nikimkuta Nesi sokoni ananiuliza watoto hawajambo naona aibu mpaka najificha nyuma ya mafungu ya mboga. Kila anayesema ana haki, mimi tu ndiye sina. Juzi nimemwacha mteja na dawa kichwani mpaka akapiga kelele, nikamuosha, na sikuchukua hela yake.

Mshauri, nimtupe yupi? Na je, kaka akienda kwa tajiri, dhambi itakuwa yangu?

Ni mimi,
Msusi wa Viti Viwili

*

Msusi wa Viti Viwili,

Marahaba, na pole. Pole ya kweli, maana aliyekusomesha akikuomba kitu, kusema hapana kunauma. Kamwombe radhi tena yule mteja, kisha ukae chini nikuambie.

Unasema umechanganyikiwa. Katika mambo ya kodi na madawati umechanganyikiwa sawa, na si peke yako, watu wenye digrii wanagombana hayo hayo redioni kila asubuhi. Mumeo anauliza swali la haki na karani naye anajibu la haki, na hakuna aliyekutuma uwaamulie kabla ya Jumatatu. Lakini katika jambo lako mwenyewe hujachanganyikiwa hata kidogo. Uliandika "nilisikia", kisha ukaandika tena. Ulijua unaposaini mara ya pili kwamba unatamka uongo, ukasaini kwa sababu kukataa kunakupa taabu kuliko kudanganya. Hiyo si huruma, dada, ni woga uliovaa nguo za huruma. Harusi mbili unaweza kuzichangia kwa siku moja na maharusi wote wakakushukuru. Huu haukuwa mchango wa harusi, na kaka yako alikusomea kabisa.

Sasa yeye. Alikulipia chuo, Mungu ambariki. Je, alikulipia ili siku moja umpeleke polisi mama aliyekuzalisha? Anakuita mdogo wangu huku anakupa kosa la jinai ukalibebe wewe, maana atakayetia sahihi maelezo ya uongo Jumatatu si yeye. Na hilo la tajiri ni kukutisha tu. Mtu anayeweza kuuza uwanja wa watoto kwa sababu ya sahihi moja, moyoni ameshauuza. Akienda, amekwenda kwa miguu yake mwenyewe, na dhambi hiyo usiipokee hata akikuletea mlangoni.

Halafu kuna jambo limeniudhi. Umeniletea barua ya tume mbele na nyuma, na nyuma hujasoma. Kaka yako anayetaka kuwa diwani naye hajasoma. Mstari wa tatu kutoka chini, maandishi madogo: mgombea ambaye sahihi zake zitapungua baada ya uhakiki atapewa siku saba kujaza pengo. Siku saba! Nyumba nzima mnalia, dawa inaunguza vichwa vya watu, na dawa yenu iko mgongoni mwa karatasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi nenda kwa kaka yako, uso kwa uso, si kwa simu, umwambie, "Kaka, sitasema uongo, na ukurasa wa nyuma huu hapa, usome." Akifoka, mwache afoke, wewe nenda zako. Jumatatu fika tumeni mapema, peke yako, useme sahihi ya Jumanne ni yako, na ya Jumamosi pia ni yako na ulikosea kuitia. Wakikupa onyo au faini, pokea, umeyataka. Jioni yake pita kwa Nesi umweleze mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Mumeo usimbembeleze asaini. Ana msimamo wake na hajamdhuru mtu. Na daftari lingine lolote likiingia saluni, soma kwanza mpaka mwisho, mteja atasubiri.

Unaniuliza umtupe yupi. Hakuna wa kutupwa. Kata yenu ina maelfu ya watu, na kaka yako ana siku saba za kumpata mmoja. Akimpata, kampeni yake iko palepale na uwanja wa watoto uko palepale. Na kama katika kata nzima hampati hata mtu mmoja wa kumwamini ila dada yake aliyefundishwa uongo, basi shida yake si fedha za kampeni. Mwambie arudi kwenye nyaya, huko anajulikana kwa kazi nzuri.