Koo Langu Limefunguka, Kaka

Ghorofa ya pili, nyuma ya stesheni,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele kutoka kwetu sote. U mzima? Wifi na watoto hawajambo? Na goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima namaanisha. Nimejikaza nimalize salamu kwanza kama tulivyolelewa, lakini furaha haisubiri tena. Kaka, nimerudi kwenye kipaza sauti! Tangu Jumanne ni mimi tena ninayetangaza treni.

Najua utashangaa, maana hukujua hata kwamba niliondolewa. Naomba radhi. Miezi minane hii umepiga simu mara ngapi, nami nakujibu kwa ujumbe wa maneno manne? Wifi aliniambia umeumia, unadhani nimekununia kwa kuwa hukuja kwenye msiba wa shangazi. Wala! Sikutaka tu usikie sauti yangu.

Yote yalianza na kohozi. Si mafua, si homa, ni kohozi tu lililoganda kooni kama gundi. Ukilimeza haliendi, ukilikohoa halitoki. Asubuhi ndiyo usiseme. Nilikuwa najikwaruza koo mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio.

Kila mtu akawa daktari wangu. Mkata tiketi akaniletea tangawizi, mama mkwe akanipiga marufuku maji baridi, mfagiaji akaapa ni feni ya ofisini. Mimi mwenyewe nikawa nafyonza peremende za mnanaa kutwa nzima na kushushia kahawa nzito, nikiamini nalisafisha koo. Kumbe najichimbia shimo!

Siku moja treni mbili zikaingia kwa pamoja. Nikawasha kipaza sauti, nikasema, “Abiria wa treni ya saa kumi, nendeni jukwaa la...” Sauti ikakatika. Nikajikwaruza, stesheni nzima ikasikia, watu wakaangua kicheko. Nilipopata sauti, treni ilishaanza kuondoka. Mama mmoja aliyekuwa anamwahi mgonjwa wake akabaki amesimama jukwaa la kwanza na kikapu chake, analia. Nilishuka mbio kumwomba msamaha. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kesho yake mkuu wa stesheni akanihamishia chumba cha mizigo iliyopotea. Miaka kumi na saba ya kutangaza, halafu naletwa kuhesabu miavuli!

Lakini Kaka, si kazi iliyokuwa inaninyima raha. Unakumbuka Baba alivyoanza? Alijikohoza hivi hivi, akatuambia ni vumbi tu, na alipokubali kwenda hospitali uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Kila nikijikwaruza namsikia yeye. Nilijiambia, ukienda utaambiwa lile lile. Basi sikwenda. Sikumwambia mtu, hata shemeji yako.

Yeye aligundua mwenyewe. Unajua fundi viatu yule, kimya chake kirefu lakini macho hayalali. Alhamisi moja akafunga kibanda chake saa nane mchana, akaja chumba cha mizigo na aproni yake kiunoni, akasema, “Twende.” Nikamuuliza wapi. “Hospitali. Ukikataa nitakaa hapa na miavuli mpaka ukubali.” Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda.

Daktari wa koo ni msichana mdogo tu, ningeweza kumzaa. Akapitisha puani bomba jembamba lenye kamera, nami nimemng’ang’ania shemeji yako mkono hadi vidole vyake vikapauka. Daktari akaangalia, akaangalia tena, akalichomoa.

“Mama, hakuna uvimbe.”

“Angalia vizuri, mwanangu. Baba yetu...”

“Nimeangalia kila mahali. Koo limewaka tu, jekundu. Niambie, unakula saa ngapi na unalala saa ngapi?”

Nikamweleza: natoka zamu saa tatu usiku, nakula nikashiba, najitupa kitandani. Akatikisa kichwa akitabasamu. Kumbe tindikali ya tumboni ilikuwa inapanda hadi kooni nikilala. Nikamwambia sijawahi kusikia kiungulia. Akasema wengi hawakisikii kifuani, wanachosikia ni kohozi tu, maana koo likichomwa linajifunika kwa ute ili lijikinge. Mnanaa na kahawa vilikuwa vinaifungulia tindikali mlango. Na kila nilipojikwaruza nililichubua zaidi, nalo likatoa ute zaidi.

Akaniambia si wote wana sababu moja. Wengine ni pua, inatiririkia nyuma kwa mafua au mzio wa vumbi. Wengine ni sigara. Wengine hawanywi maji ya kutosha, kohozi linakuwa zito. Ndiyo maana dawa ya jirani inaweza isiwe yako.

Basi nikabadilisha maisha. Chakula cha jioni sasa nakila mapema, hapo hapo kazini, ili zipite saa tatu nzima kabla sijalala. Mnanaa na kahawa tumeachana. Maji nanywa kidogo kidogo siku nzima, na nikitaka kujikwaruza napiga funda moja na kumeza. Nilipewa pia vidonge vya wiki kadhaa. Shemeji yako akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Siku ya kwanza aliamka amejikunja miguuni kama gunia lililoteleza, lakini matofali hakuyatoa!

Haikuwa siku moja. Wiki tatu za kwanza sikuona tofauti, nikataka kukata tamaa. Wiki ya sita nikaamka, nikasema “Umeamkaje?” na sauti ikatoka laini, yote! Jumanne mkuu akanipa kipaza sauti. Nikatangaza jukwaa, saa na vituo vyote kumi na moja bila kusita. Mkata tiketi akanipigia makofi dirishani kwake, foleni nzima ikimsubiri.

Sasa sikiliza, na usinikasirikie. Wifi ameniambia nawe unajikohoza kila asubuhi, sauti imekukauka tangu mwezi wa kumi na moja, na sigara hujaacha. Kaka, daktari alinionya: sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, ukiona damu, chakula kikikwama au ukikonda bila sababu, usikae nyumbani. Najua unachoogopa, nami nilikiogopa miezi sita nzima. Huenda kwako pia ni koo lililowaka tu. Na kama si hilo, Baba alichelewa. Wewe una muda. Nenda wiki hii. Ukiogopa kuingia, nipigie ukiwa mlangoni. Nitapokea, nitaongea nawe mpaka uitwe.

Nisalimie wifi, mwambie asante kwa kusema ukweli. Wabusu watoto wote, hasa kitinda mimba. Shemeji yako na mama mkwe wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kuuvuka huo mlango.

Ndimi dada yako akupendaye sana,
Kasuku