Kaburi la Shali

Uvira, Nyamianda
Jumapili alasiri

Kwa Yaya Domitille, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nyakabere, na wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Huku mama ni mzima, ila goti humsumbua akipanda ngazi za kanisa. Mimi nasoma, lakini situlii. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili linataka lisikilizwe mpaka mwisho.

Profesa wetu wa fasihi alimwagiza kila mmoja aandike blogi juu ya mshairi wa kiromantiki, kisha mwenzake aihakiki. Niliangukiwa na blogi ya Vainqueur, yule mrefu anayechelewa darasani akisingizia mvua hata wakati wa kiangazi. Nilidhani nitacheka. Mshairi wake alipotelewa na mke katika theluji ya milimani, asionekane tena. Miaka mingi alimwandikia mashairi kama mtu atakayerudi jioni. Mwishowe alichimba kaburi, akazika shali ya mke huyo, na ndipo tu akaanza kuandika juu ya ndege na mavuno. Vainqueur anasema kaburi lile ndilo shairi lake bora.

Nilikasirika, Yaya. Niliandika uhakiki, nikaufuta, nikaandika tena. Nilisema anasifu usaliti, kwamba mtu asiyeonekana hazikwi. Nilipomwonyesha, aliusoma polepole, akanijibu kwamba nimehakiki kila kitu isipokuwa blogi yake. Kisha akauliza, "Weye Noella, huyu mshairi alikukosea nini?" Wenzetu wakacheka. Nilichukua daftari langu nikaondoka.

Jibu unalijua. Tangu ziwa limchukue ndugu yetu Luc bila kuturudishia mwili, kilio hakijaondolewa nyumbani kwa kuwa hatujazika, na nyumba yenye kilio haipokei ng'ombe wa mahari. Wazee wa mchumba wako Hyacinthe wamekuja, wamekunywa maji, wamerudi kwao. Wewe unangoja, mama anangoja, na shati la Luc liko kwenye msumari.

Jana mama alikuwa anaanika visamaki vya ndagala uani. Mimi nilikuwa naisoma tena ile blogi, midomo ikinicheza, akaniuliza ni sala gani hiyo. Nikamtafsiria kutoka Kifaransa, nikitumaini atakasirika pamoja nami. Hakukasirika. Aliuliza tu kama shali ilifuliwa kwanza. Nikasema blogi haielezi. Akasema huyo kijana ameacha jambo la maana, akaendelea kutandaza ndagala zake.

Leo baada ya misa amelishusha shati. Amelifua na kulianika peke yake kwenye kamba. Kisha ameniita, akasema, "Andikia Domitille. Aje Jumamosi. Tutamzika Luc kwa vitu alivyotuachia, tunywe pombe ya kasiksi, kilio kitoke. Halafu wazee wa Hyacinthe walete ng'ombe wao."

Sasa lile ambalo nisingeweza kulisema kwa simu. Mama ameitafuta kofia ya Luc, ile ya bluu, kisha akasema labda ilikwenda naye ziwani. Mimi najua haikwenda. Niliiona chini ya mto wako wa kulalia nilipokutembelea wakati wa Pasaka, nikaifunika tena kama ilivyokuwa. Sikukuuliza, kwa sababu nami sikutaka itoke pale. Maadamu kofia ina mahali pa kulala, Luc hajafa, na wewe huolewi, na mimi sibaki peke yangu na mama. Hapo ndipo Vainqueur aliponigusa bila kujua.

Njoo nayo, Yaya. Sijamwambia mama neno. Lakini ameacha nusu kipande cha sabuni juu ya jiwe la kufulia, na amenikataza nisikiguse mpaka wewe ufike.

Msalimie Hyacinthe akipita hapo, na watoto wa darasa lako. Mama anakubusu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako,
Noella Niyonsaba