Waya Zisizolala

Jumatatu, 3 Machi

Mteja mpya. Mwalimu mstaafu, kanunua boti ndogo, anataka kuishi humo. Nikamuuliza ninayowauliza wote: unaamka saa ngapi, unapikia nini, unasoma kitandani? Bila hayo huwezi kujua betri ya kuweka. Taa za kitandani, moja au mbili? Moja, kasema, akageukia dirishani. Nikaandika moja. Sikumwambia kwamba hata kwangu ni moja.

Ofisi kimya. Stuli ya mdogo wangu bado ipo upande wa pili wa meza. Miezi minane sasa. Nairundikia karatasi ili isionekane tupu.

Jumanne, 4 Machi

Mwenye karakana ya boti kapiga simu. Boti ya mwalimu ina umbo lilelile la ile iliyozama, kwa hiyo nitumie mchoro uleule, nisijichoshe. Ila fundi awe mwingine, kasema, akacheka. Na mimi nikacheka. Nimejichukia siku nzima.

Maana kila mtu pale anaijua habari. Mimi nachora umeme wa boti, Koleo anafunga waya. Ndiyo, Koleo ndiye mdogo wangu — tangu utotoni koleo halimtoki mfukoni. Boti ya daktari wa meno ilizama ikiwa imefungwa gatini. Pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini haikufanya kazi. Iliungwa nyuma ya swichi kuu, na daktari alipozima swichi kwenda nyumbani, pampu nayo ikazimika. Nilisimama mbele ya karakana nzima nikasema fundi kakosea. Koleo akasema tu, "Dada, mimi nilifuata karatasi." Nikamjibu karatasi yangu haina kosa. Tangu hapo hakuna anayempa kazi ya boti. Anatengeneza pasi na feni.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kabati, nimeutoa ule mchoro. Sijawahi kuutazama tangu boti izame. Nilikuwa na uhakika wangu, nani wa kunifundisha kazi!

Tuna utaratibu wetu, wa sisi wawili tu. Waya zinazozimika na swichi kuu napaka buluu — zinazolala. Zinazobaki na umeme saa zote napaka nyekundu — zisizolala. Koleo haulizi mengi, anafuata rangi. Na pampu ni nyekundu. Siku zote.

Hii ni ya buluu.

Mkono ni wangu. Sasa nakumbuka kila kitu. Penseli nyekundu ilikuwa imeisha, nikapaka buluu, nikasema nitabadilisha kesho. Na kibaya zaidi — aliuliza. Alisimama hapa mlangoni na karatasi mkononi: "Dada, hii pampu inalala?" Nilikuwa kwenye simu. Nikamwambia fuata karatasi, bila hata kugeuka.

Alhamisi, 6 Machi

Sikufanya kazi. Nimenunua penseli nyekundu, boksi zima. Za nini sasa?

Naweza kuuchana. Hakuna anayejua ila mimi na kabati. Nimeushika pembeni, nikaukunja, nikaukunjua. Mchana nimekula nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia wifi. Sauti baridi. Kesho mumewe atakuwepo, kasema, ila nijue jina langu halitajwi pale nyumbani. Mtoto akauliza kwa nyuma kama ni shangazi. Hakujibiwa. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Nimemkumbuka. Hata kelele zake za kunywa chai.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyumba yao.

Nilimpa mchoro bila salamu ya maana. Akaushika karibu na macho, akafuata mstari kwa kidole, betri, swichi, pampu. Kidole kikasimama pale. Nilisema ni mimi, penseli iliisha, uliniuliza nikakupuuza, nisamehe mdogo wangu. Nilisema vibaya, vipande vipande.

Aliuliza nimejua lini. Jumatano, nikasema. Akarudia, "Jumatano." Akahesabu kwa vidole hadi leo.

Kisha: karakana nimewaambia?

Bado.

Akakunja mchoro taratibu, akautia mfukoni, palipokuwa pakikaa koleo. Kasema nilimtaja mbele ya watu wote, basi twende nikaseme mbele ya watu walewale, leo wapo. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Wifi kapita na beseni, kauliza nitakunywa chai. Nimesema tukirudi. "Mkirudi pamoja," kasema, akaingia.

Namsikia Koleo ndani anauliza viatu vyake vya kazi viko wapi. Mtoto anamwambia viko juu ya kabati, vina vumbi. Anavipangusa. Mimi natafuta neno la kuanzia, na la kwanza linalonijia bado ni lilelile la siku ile: "fundi".