Mama Mkwe Alitoa Tisa, Mimi Nikaandika Sita

Mpendwa mshauri, salamu zangu zipokee hivyo hivyo zilivyo fupi, maana naomba msaada na muda nilionao unaishia Ijumaa.

Mimi ni mume wa mtu, nina miaka thelathini na saba, nafanya kazi gazetini, si hili lenu, na kila Jumamosi naandika safu ya uhakiki wa michezo ya video, yaani naeleza gemu fulani ikoje, inafaa au inachosha, kisha mwishoni naipa alama kwa kumi, na jina langu halitokei kwa sababu natumia jina la kubuni, na wasomaji wanaipenda safu hiyo sana, jambo ninalolisema bila majivuno kwa kuwa wanayempenda si mimi.

Ukweli ambao hata mke wangu hajui ni kwamba michezo ya video inanitapisha. Sitanii. Picha ikianza kugeuka kwenye skrini na mimi tumbo linageuka, na baada ya dakika sita niko bafuni. Zamani nilikuwa dawati la matangazo ya vifo, nimekaa huko miaka sita, siku moja mhariri akasimama katikati ya chumba akauliza nani anajua gemu, nikanyoosha mkono kwa sababu nilikuwa nimechoka na marehemu, na kweli nilizijua, ila zile za utotoni ambazo mtu anakwenda kushoto na kulia tu, sikujua kwamba siku hizi dunia nzima inazunguka pamoja nawe. Miezi yote ya mwanzo nilicheza na ndoo pembeni.

Ndipo mama mkwe akateleza kwenye ngazi za kwake akavunjika mguu, akaletwa kwetu na plasta hadi gotini, tukamweka sebuleni kwenye kochi linalotazamana na runinga. Mke wangu anauza dawa famasi na hurudi jioni, nami safu naiandikia nyumbani, kwa hiyo mchana tulibaki wawili, mimi na mkwe wangu, kila mmoja akimstahi mwenzake mpaka hewa inakuwa nzito. Siku ya tatu nikampa pedi ya kuchezea nikamwambia, "Mama, rafiki yangu kazini ameniazima hii, hebu jaribu, angalau muda uende." Akavaa miwani, akauliza kitufe cha kwendea mbele ni kipi, na hakuuliza kingine.

Ulikuwa mchezo wa mbio za magari. Akaucheza siku mbili, akasema, "Barabara ni nzuri, lakini gari haliishiwi mafuta na dereva hana pa kwenda. Saba." Mimi sikumuomba alama, alitoa mwenyewe. Wa ngumi aliupa tatu kwa kuwa watu wawili walipigana tangu saa nane na hakuna aliyesema wanagombea nini. Wa kutisha, ule wa jumba lenye mizimu, aliupa tano, akasema nyumba ina swichi kila ukuta na mwenye nyumba anatembea na tochi, mtu kama huyo hata mzimu unapata tabu kumwonea huruma. Wa kilimo aliupa nne kwa sababu mahindi yanakomaa kwa dakika mbili na aliyeutengeneza hajawahi kushika jembe. Wa kupanga vigae vya rangi aliupa nane, akasema ukikosea unajua kosa ni lako.

Nami nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikijifanya najaza fumbo la maneno, kumbe naandika kila anachosema, na ilikuwa rahisi kwa sababu mama ana tabia ya kusema jambo la maana polepole kisha kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Siku moja aliniambia, "Fumbo la leo refu, baba." Nikamwambia ndiyo mama, leo wametunga gumu.

Hajui kwamba safu ni yangu. Nilipoposa nilisema niko kwenye matangazo, na nilipohamishwa niliona aibu kumwambia kwamba mtu mzima aliyepewa binti yake anacheza gemu kwa riziki, nikamsihi mke wangu asimwambie, naye akakubali. Kila Jumamosi mama huisoma safu akiwa na chai, na mara mbili amenipa gazeti akasema, "Huyu mtu ana akili timamu." Nikajibu kwamba ni kweli, anaonekana hivyo.

Sasa wiki tatu zilizopita zilikuja gemu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya vita, ambayo mji mzima ulikuwa unaisubiri, na mama aliipa nne, akasema, "Nimekufa mara arobaini na hakuna aliyenizika." Ya pili ni ndogo, haijulikani, unakuwa mpokea simu katika ofisi ya zamani ya simu, umekaa mbele ya ubao wenye matundu, taa ikiwaka unauliza namba inayotakiwa kisha unachomeka waya, basi, na mara nyingine unasikia kidogo mazungumzo ya watu kabla hujaondoa sikio. Mshauri, mama mkwe wangu alifanya kazi hiyo hiyo miaka ishirini na sita. Aliicheza siku tano. Siku ya pili alinisogezea pedi akasema, "Jaribu na wewe, baba, hii imetulia," nikamwambia nina kazi. Siku ya tano alivua miwani akafuta macho, akasema, "Tisa. Kumi haifiki kwa sababu chumba chetu kilikuwa na joto zaidi." Nilimuuliza nini kilichomfurahisha, akasema ataniambia nikiwa na nafasi.

Nilipokaa kuandika niliogopa. Nikaona wasomaji watanicheka, nani anaipa vita nne na waya tisa, na mhariri atadhani nimechanganyikiwa, kwa hiyo nikaipa ya vita tisa, ya simu nikaipa sita, nikaandika kwamba ni mchezo wa watu wasio na haraka.

Jumamosi ile mama alisoma, akakunja gazeti, na kwa siku mbili alijibu salamu tu. Jumatatu akanipa bahasha akasema, "Nipelekee hii kwa mhariri wenu, baba." Haikuwa imefungwa, nikaisoma nikiwa ngazini. Iliandikwa hivi: "Kwa mhariri. Mwandishi wako wa michezo ya video nimemheshimu kwa miezi miwili. Wiki hii ameipa ya vita tisa na ya simu sita. Hakucheza hata moja. Aliyecheza anajua. Mimi si mgomvi, ila inaniuma mtu kuandika asichokijua wakati yupo wa kumuuliza. Mpokea Simu Mstaafu."

Nikaifunga kwa gundi nikaipeleka, kwanza kwa sababu nimetumwa na mkwe, pili kwa sababu barua za wasomaji mhariri huwa hasomi. Hii akaisoma. Akaniita akasema, "Huyu mtu kwa mistari sita amekushinda wewe wa mwaka mzima. Nitafutie. Ijumaa awe hapa, safu nampa yeye, wewe rudi kwenye vifo."

Mshauri, sina raha. Nimefikiria kusema sikumpata. Nimefikiria pia kumwambia mhariri kwamba mwandishi wa barua amefariki, na kwa uzoefu wangu tangazo lenyewe ningeliandika vizuri. Nampenda mama, na siku hizi mbili tatu nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji. Nifanye nini?

Wako, Mwenye Kichefuchefu.

*

Ndugu Mwenye Kichefuchefu,

Pole kwa tumbo. Pole yangu inaishia hapo.

Nianze na lile la mwisho, maana nililisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana shida. Mwanamke amekupa binti yake, amekupa maneno yake kwa miezi miwili bila kukudai hata asante, na wewe umekaa unapima namna ya kumtangaza marehemu akiwa hai kwenye kochi lako. Lifute kichwani kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Pili, unasema mama hajui. Wewe ni mhakiki, kazi yako ni kutazama kitu na kusema kikoje, na hiki kimekaa mbele yako na mguu wa plasta. Mkeo anajua kwamba safu ni yako. Mkeo na mama yake wamekaa nyumba moja miezi miwili. Unadhani wakimenya vitunguu wanazungumzia hali ya hewa? Mtu anayesema polepole na kunyamaza kidogo, anakungoja umalize kuandika. Mtu anayetoa alama bila kuombwa, anajua zinakwenda wapi. Na hakuna duniani anayemshtaki mtu kisha akampa mshtakiwa huyo huyo bahasha iliyo wazi aipeleke. Barua ile iliandikwa uisome wewe. Wewe ukaitia gundi.

Ameyajua yote tangu mwanzo, na amekustahi kama mnavyostahiana wakwe, akakuachia ujifanye unajaza fumbo. Hakukasirika ulipochukua maneno yake. Alikasirika ulipoyakataa. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti kile akiwaunganisha watu wasiojua hata sura yake, na katika uzee wake akakuta kuna mtu mahali fulani ameona kwamba kazi ile ilistahili kutengenezewa mchezo. Akakuita uione. Ukamwambia una kazi. Kisha ukaandika ni ya watu wasio na haraka, ukampa sita, na sita hiyo ameipokea yeye, si mchezo. Hilo limeniudhi kuliko uongo wako wote, na nimesoma uongo mwingi katika safu hii.

Kuna jambo jingine. Umeniambia picha ikigeuka na tumbo linageuka. Sasa niambie, ubao wa simu unageuka kwenda wapi? Umekaa kitini, mbele yako matundu, mkononi waya. Mama alikwambia kwa kinywa chake kwamba hii imetulia. Unadhani ndoo yako hakuiona? Alikupatia mchezo unaoweza kuucheza mwenyewe bila kutapika, akakusogezea pedi, na wewe ukaupa alama bila kuugusa.

Sasa nisikilize. Leo hii, ukirudi, mwambie mkeo kuhusu tumbo lako, na umwone daktari wa masikio na kizunguzungu, wapo. Kesho mkeo akienda famasi, kaa karibu na mama, bila kalamu na bila karatasi, umwombe radhi kwa maneno ya kawaida. Usijieleze sana. Ya mhariri na ya wasomaji kukucheka usiyataje kabisa, hayamhusu. Kisha muulize kwa nini tisa, na akianza kueleza usimkatize, hata akieleza mpaka mkeo anarudi. Akimaliza, washa ule mchezo uucheze, na uucheze kweli, mpaka mwisho, si dakika sita.

Kwa mhariri utasema yote: nani alicheza, nani alitoa alama, nani alizibadilisha. Atakurudisha kwenye vifo, na unastahili. Ni kazi ya heshima, na safari hii utaifanya ukijua kwamba aliyefiwa akisimama mbele ya dawati lako naye huongea polepole. Iwapo mama ataitaka safu, ni yake. Iwapo ataikataa, usishangilie.

Ijumaa mpeleke ofisini wewe mwenyewe. Tafuta gari, mshike mkono kwenye ngazi za ofisi yenu, maana mguu ule bado, na mpangie mto kwenye kiti. Njiani atakuuliza kama umeucheza. Uwe na jibu, na liwe la kweli.

Mshauri